Kiambishi

Karani ameniandika mfasiri.
Sibishi. Mfasiri ana meza, ana kamusi, ana kesho;
mimi mkalimani, nina pumzi ya mtu mwingine
na pengo dogo kabla hakimu hajakohoa.

Nimetoka Maskati alfajiri,
nimefika Ibra na vumbi la maegesho viatuni.
Nikaapa: sitaongeza, sitapunguza.
Kulia kakaa Kadzo wa Kaloleni,
leso ya maua juu ya baibui la kuazima.
Kiswahili chake kimetembea na Kigiriama njia nzima;
changu kimelelewa jikoni, Ruwi,
na mama aliyeondoka Wete na masufuria mawili
na maneno ambayo Wete yenyewe imeshayasahau.
Kushoto mwajiri, kanzu imenyooka kama karatasi,
na mkewe, simu imelala kifudifudi mapajani.

Nikisema mimi, si mimi.
Mimi sijalipwa miezi minne.
Mimi nina mtoto darasa la tatu, anakaa kwa shangazi.
Kwa dakika arobaini nimekuwa Kadzo kwa Kiarabu
na Kaloleni sijawahi kufika.

Kisha hakimu: Na usiku wa tarehe tisa?

Akasema,
"Alinifungia mlango."

Hapo nikakwama.
A. Kiambishi kimoja, chumba kisicho na dirisha.
Kiswahili hakiulizi ndevu wala ushungi;
a-li, na yeyote aweza kuwa humo ndani,
mume, mke, malaika, mwizi.
Kiarabu kinataka kujua.
Aghlaqa, amefunga mwanamume.
Aghlaqat, amefunga mwanamke,
te moja tu mwishoni,
kama ufunguo unapomaliza kuzunguka.

Ulimi wangu ulishachagua.
Ulishamtazama mwenye kanzu,
ulishazikumbuka kesi nyingine, wanawake wengine,
herufi ilikuwa inangoja mlangoni mwa meno.
Lakini kubahatisha nako ni kuongeza.
"Mheshimiwa," nikasema, na safari hii mimi nilikuwa mimi,
"lugha yake haijasema ni nani. Naomba nimuulize."

Mwajiri akameza mate.
Mkewe akaigeuza simu.

"Nani, Kadzo?"

Akaitazama leso yake kwanza, pindo lote,
kama anatafuta jina lililoandikwa pale.
"Bibi. Yule mzee ninayemwogesha.
Hawa walikuwa Sur, arusini.
Nilikuwa nimeshafunga mzigo, nimwage kila kitu niende.
Akaufunga mlango, ufunguo akautia kifuani,
akakaa chini, yeye na goti lake bovu, akaniambia:
Mwanangu, ukenda, n'tasema na nani?"

Aghlaqat, nikasema. Te.
Mwenye kanzu akainua kichwa.
Nikaendelea: mlango, ufunguo, kifua, goti.
Nikafika kwenye lile swali
nikalivusha zima, neno kwa neno,
sikuongeza, sikupunguza;
lakini sauti ilishuka,
na sauti haikuapishwa.

Miezi minne, akaamuru hakimu, ilipwe ndani ya wiki.
Pasipoti irudi leo. Tiketi juu ya mwajiri.
Kuhusu ufunguo karani aliandika mstari mmoja,
nikauona kichwa chini miguu juu:
mzee, mgonjwa, hakuna shitaka.

Nje jua limepanda juu ya paa za magari.
Nilikuwa natafuta kalamu nisaini stakabadhi
mwajiri aliponifuata.
Sikumtarajia. Akasema kwa Kiarabu, polepole,
kwamba mama yake alizaliwa huko, Pemba,
kwamba wao nyumbani hawakufundishwa,
kwamba siku hizi bibi anaongea sana usiku
na wao humwongeza dawa.
"Lile alilosema. Lirudie kwa lugha yake."

N'tasema na nani.

Akalijaribu mdomoni.
Ile en ya mwanzo ikamshinda, akaipa irabu,
akaipa mbili, akaanza upya
katikati ya maegesho, mtu mzima, na funguo za gari mkononi.

Mimi nilikuwa nimeshalipwa, saa zangu zimekwisha.
Kadzo, akipita na mfuko wake wa nailoni,
ndiye aliyesimama
akamsahihisha.